Pointi za ndege kwa mtu wa Kigoma: namna ya kuzikusanya, kuzilinda na kuzitumia bila kupigwa

Kama unatoka Kigoma kwenda Guangzhou kufuata mzigo, au unawapeleka wazee umra, au shirika linakutuma Nairobi na Ulaya kila baada ya miezi kadhaa, basi kuna kitu umeshakilipia ndani ya tiketi na hukichukui. Pointi. Wengine wanaziita maili, ni kitu kilekile. Hapa Mwanga kuna watu wanaruka Dubai na China tangu wanaanza biashara ya vitenge, ukiwauliza namba ya uanachama wanacheka tu, "aah ile fomu sikujaza", yani wamewaachia wenye ndege hela yao wenyewe.

Kwanza ujue huu mchezo umetoka wapi ili usiuone kama sadaka. American Airlines walianzisha mpango wao wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, na lengo halikuwa kukupenda, lilikuwa kukuzuia usihamie kwa jirani tiketi yake ikiwa rahisi kidogo. Mipango yote iliyofuata imejengwa hivyohivyo. Kwa hiyo kampuni itakupa pointi kwa mbwembwe, halafu ukifika kwenye kuzitumia ndo utakutana na vikwazo, kodi, siti hakuna, tarehe haipo. Mwongozo huu ni wa hapo kwenye kutumia hasa, ila huwezi kutumia vizuri kitu ulichokusanya hovyo, kwa hiyo twende kwa mpangilio.

HATUA YA 1: Chagua mpango kutokana na njia unayopita, usichague kwa rangi ya ndege

Kosa linalowamaliza wengi ni kuwa na pointi 4,000 kwa huyu, 6,000 kwa yule, 2,500 kwa mwingine, na hakuna hata sehemu moja ambapo zinatosha kupata tiketi. Kaa chini uangalie safari zako za miaka miwili hivi iliyopita, halafu chagua mpango mmoja mkuu na mmoja wa akiba. Basi.

Kuna miungano mitatu mikubwa ya kampuni za ndege: Star Alliance iliyoanza 1997, oneworld ya 1999 na SkyTeam ya 2000. Maana yake kwako ni kwamba namba moja ya uanachama inakusanya pointi kwenye ndege za kampuni nyingi. Ukiwa na namba ya mpango wowote wa Star Alliance, ukipanda Ethiopian leo na Turkish mwezi ujao zote zinaingia sehemu moja.

Kwa sisi wa huku, ramani iko hivi. Anayekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa anapanda Ethiopian, ambao mpango wao unaitwa ShebaMiles na wako Star Alliance. Kutoka Dar kwenda Addis ni kama maili 1,100, na Addis hadi Guangzhou ni kama maili 5,000, kwa hiyo kwenda na kurudi unazungumzia maili elfu kumi na mbili na ushee za angani. Sio kidogo, ingawa pointi unazopata hazilingani na umbali moja kwa moja, tutafika huko. Anayekwenda Dubai na Emirates anaingia Skywards, na mpango huohuo unatumika flydubai pia. Emirates hawamo kwenye muungano wowote kati ya hiyo mitatu, wana washirika wao mmoja mmoja. Qatar Airways wako oneworld, mpango unaitwa Privilege Club na tangu 2022 pointi zao ni Avios, zilezile wanazotumia British Airways, na unaweza kuzihamisha kati ya akaunti zako mbili hizo. Kenya Airways, KLM na Air France wako SkyTeam. Kenya Airways zamani walikuwa wanatumia Flying Blue ya kina KLM, sasa hivi wana mpango wao, Asante Rewards.

Sasa ukweli mchungu kwa mtu wa Kigoma: Air Tanzania hawamo kwenye muungano hata mmoja wa hiyo, kwa hiyo kile kipande chako cha Kigoma kwenda Dar hakikuongezei kitu kwenye ShebaMiles wala Skywards. Usihesabu. Watu wa Kasulu na Manyovu ambao huwa wanatokea Bujumbura wao hesabu yao ni tofauti kidogo, maana Ethiopian na Kenya Airways wanatua pale, na safari nzima inakuwa ya kampuni moja tangu mwanzo. Kama kwenu mpaka wa Manyovu ni karibu na paspoti na kadi ya homa ya manjano viko sawa, linganisha bei za pande zote mbili kabla hujakata.

Kuna ujanja ambao wengi hawaujui na kwa mtu anayesafiri mara chache ndo mzuri kuliko yote. Sio lazima pointi za Ethiopian uziweke Ethiopian. Unaweza kuziweka kwa mshirika yeyote wa Star Alliance. United ya Marekani, mpango wao MileagePlus, walifuta muda wa kuisha kwa maili mwaka 2019, na Delta ambao wako SkyTeam, maili zao nazo hazina tarehe ya kufa. Kwa hiyo mtu anayekwenda China mara moja baada ya miaka miwili, zile za ShebaMiles zinaweza kumfia mkononi kabla hazijatosha, lakini za MileagePlus zitamsubiri. Kujiunga ni bure, unajaza mtandaoni ukiwa hapahapa Kigoma. Cha kufanya kabla: ingia kwenye ukurasa wa United wenye jedwali la Ethiopian uone herufi ya tiketi yako (ile ya daraja la bei, iko hatua ya 3) inapewa asilimia ngapi, maana tiketi nyingine za bei ya chini huwa zinapewa kidogo sana kwa mshirika.

HATUA YA 2: Jina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pointi za Watanzania zinapotelea hapa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Sisi tuna majina matatu, na kila karatasi imeyaandika inavyotaka yenyewe. Cheti cha kuzaliwa kina mawili, NIDA kina matatu, paspoti imeweka la kwanza na la kati pamoja kisha la ukoo peke yake, wakala naye akikata tiketi ameandika la kwanza na la baba tu kwa sababu ndo unavyojulikana mtaani. Mfumo wa kampuni ya ndege hauna huruma wala haujui kwamba Ramadhani na Ramadhan ni mtu mmoja. Jina la kwanza na la ukoo kwenye akaunti yasipolingana na ya kwenye tiketi, pointi haziingii, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia.

Fanya hivi. Fungua paspoti ukurasa wa picha, angalia ile mistari miwili ya chini yenye mishale mingi (<<<<). Mstari wa kwanza unaanza na P, unafuata TZA, kisha jina la ukoo, mishale miwili, halafu majina yako mengine. Hilo ndo jina lako kwa dunia ya ndege. Akaunti ifungue kwa jina hilo, herufi kwa herufi, na wakala umtumie picha ya ukurasa huo, usimtajie jina kwa simu. Kuna mama mmoja Ujiji, jirani wa ndugu zangu, paspoti mpya ilikuja na jina la mume mwishoni wakati akaunti ilikuwa ya jina la zamani. Ilibidi atume nakala ya paspoti zote mbili na cheti cha ndoa kwa imeili, wakarekebisha na pointi zake zikabaki palepale. Inawezekana, ila anza hiyo kazi mapema, sio siku mbili kabla ya safari.

Na kitu kingine kinachotuhusu sana sisi: namba ya simu. Mipango mingi sasa inatuma msimbo wa siri kwenye simu kabla hujatumia pointi. Ukiacha laini muda mrefu bila kuitumia inafungwa, na ile namba anaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Ukibadilisha laini, siku hiyohiyo ingia kwenye akaunti ubadilishe. Imeili nayo iwe yako mwenyewe, sio ya kijana wa stationari aliyekujazia fomu.

HATUA YA 3: Kabla hujalipa tiketi, soma herufi

Kila tiketi ina herufi moja inayoonyesha daraja la bei. Watu wawili wamekaa siti zimepakana, chakula kilekile, mmoja anapata pointi mara tatu ya mwenzake kwa sababu ya hiyo herufi. Emirates wao wamerahisisha wakaweka majina, Special, Saver, Flex na Flex Plus, na kadiri unavyopanda ndivyo pointi zinavyoongezeka na masharti ya kubadilisha tarehe yanavyolegea. Flying Blue wameenda njia nyingine, tangu 2018 kwa ndege zao wenyewe wanahesabu hela uliyolipa na sio umbali: mwanachama wa ngazi ya chini anapata maili 4 kwa kila yuro moja, wa ngazi za juu wanapata zaidi ya hapo.

Je, ulipe zaidi ili upate pointi zaidi? Karibu kila mara jibu ni hapana. Ukiambiwa tofauti ni laki mbili na pointi za ziada ni 1,500, piga hesabu, unanunua pointi moja kwa shilingi 133. Ghali mno, utaona kwenye hatua ya 6. Lipa zaidi kama unahitaji kubadilisha tarehe au unahitaji kilo, pointi zije kama nyongeza tu.

Tiketi za kundi ni habari nyingine. Safari za umra na hija mara nyingi zinakatwa kwa bei ya kundi na tiketi za namna hiyo nyingi hazipewi pointi au zinapewa kiduchu. Muulize anayeandaa msafara kabla hujatoa hela, swali lenyewe ni fupi tu: "Tiketi ni ya herufi gani, na inaingiza maili?" Akibabaika mwambie akutumie tiketi yenyewe ukaangalie.

HATUA YA 4: Hakikisha zimeingia

Namba ya uanachama iwekwe wakati wa kukata tiketi. Ukisahau, iweke wakati wa kucheki-ini, ukisahau tena muombe yule wa kaunta. Baada ya safari subiri kama wiki moja kwa ndege za kampuni yenyewe, za mshirika zinaweza kuchelewa zaidi, halafu ingia uangalie.

Hazijaingia? Kampuni nyingi zinakupa kama miezi 6 ya kudai, na dai linafanyika mtandaoni kwa dakika chache kama una vitu viwili: boding pasi na namba ya tiketi. Namba ya tiketi ina tarakimu 13 na tatu za mwanzo zinakuambia ni ya nani: 071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar, 706 Kenya Airways, 074 KLM. Usichanganye na ule msimbo wa herufi sita wa bukingi. Mimi boding pasi napiga picha palepale kabla sijaikunja, maana ile karatasi wino wake unafutika ukikaa na joto la mfukoni.

HATUA YA 5: Zisife

Pointi ni kama migebuka ya pale Kibirizi saa nne asubuhi, kila muda unavyokwenda bei inashuka, usiweke rundo ukidhani zinapanda. Kwanza zina tarehe. Skywards zinakaa miaka 3 na zinakufa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, kwa hiyo angalia akaunti kila mwezi huo unapokaribia. Avios za Qatar zinakufa ukikaa miezi 36 bila kufanya chochote, ila ukikusanya au kutumia hata chache saa inaanza upya. Flying Blue ni miezi 24, ukiruka tena nao au na ndege ya SkyTeam unaongezewa.

Pili, hata zisipokufa zinapungua nguvu. Kampuni ikiamka asubuhi ikasema tiketi ya 30,000 sasa ni 45,000, huna pa kushtaki, masharti uliyokubali bila kusoma yanawaruhusu. Na kampuni yenyewe ikianguka ndo kabisa: Air Berlin walipofilisika 2017, mpango wao wa topbonus ulikwenda nao na watu wakabaki na maili zisizonunua hata soda. Kwa hiyo mtu anayeniambia ana pointi laki moja anazitunza za uzeeni huwa namwangalia tu.

HATUA YA 6: Hesabu ya thamani

Hii ndo roho ya mambo yote. Chukua bei ya tiketi kwa hela taslimu, toa kodi na ada utakazolipa ukitumia pointi, gawa kwa idadi ya pointi. Unapata shilingi kwa kila pointi.

Mfano, na hizi ni namba za kujifunzia tu usije ukanishikia. Dar kwenda Dubai na kurudi, tiketi ni 1,450,000. Kwa pointi wanataka 40,000 na kodi 420,000. Hapo umeokoa 1,030,000, gawa kwa 40,000, ni kama shilingi 25.75 kwa pointi. Sasa safari hiyohiyo miezi isiyo na watu, tiketi imeshuka hadi 980,000 lakini pointi na kodi ni zilezile. Umeokoa 560,000, yani shilingi 14 kwa pointi. Hapo lipa hela, pointi ziache. Halafu uje Desemba, tiketi imepaa 2,300,000, ukibahatika kukuta siti ya pointi kwa kiwango kilekile cha 40,000, umeokoa 1,880,000, shilingi 47 kwa pointi. Pointi zilezile, mtu yuleyule, thamani mara tatu na zaidi.

Ukitaka kuwa mkali zaidi kumbuka kwamba ukilipa hela unapata pointi mpya, ukitumia pointi hupati. Kama tiketi ile ya kwanza ingekupa pointi 3,000, gawanya 1,030,000 kwa 43,000, inakuwa karibu 24. Sio tofauti kubwa ila kwa tiketi za bei ya juu inaonekana.

Angalia sana hiyo sehemu ya kodi. Ndani yake kuna kodi za kweli za serikali na viwanja, na kuna kitu kingine kinachokaa humohumo, ada ya kampuni yenyewe ambayo kwenye mchanganuo wa tiketi huwa inaandikwa YQ au YR. Zamani waliiita ya mafuta. Kampuni nyingine zinaitoza hata kwenye tiketi ya pointi na inaweza kula nusu ya faida yako yote. United hawaitozi kwenye tiketi za maili zao hata ukipanda ndege ya mshirika, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwaza ule ujanja wa hatua ya 1.

Sasa suala la bizinesi klasi. Mitandaoni kote utaambiwa thamani kubwa ya pointi iko kule mbele kwenye vitanda. Kihesabu wako sahihi: tiketi ya 6,000,000 kwa pointi 90,000 na kodi 500,000 ni shilingi 61 kwa pointi. Lakini jiulize, hivi wewe ungetoa milioni sita mfukoni ulale kitandani usiku mmoja? Kama usingetoa basi hujaokoa milioni sita, umetumia pointi ambazo zingekupa tiketi mbili za kawaida za Dubai ambazo ungezilipia kweli kweli, milioni mbili na kidogo zimebaki dukani kununua mzigo. Mimi msimamo wangu ni huo, pointi ina thamani ya ile shilingi ambayo ungeitoa. Kama una mzee wa miaka 75 na magoti yanamsumbua unamtoa Ujiji kwenda Jeddah, hiyo ni habari nyingine, mlaze mzee wako mbele na usipige hesabu.

HATUA YA 7: Wapi pa kuzitumia, na lini

Kwa wafanyabiashara, angalia kalenda ya maonyesho ya Canton kule Guangzhou, ni mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na tiketi zinapanda kipindi hicho. Ramadhani kwa watu wa umra. Desemba kwa kila mtu. Hizo ndo tarehe za kutafutia siti za pointi, ila zinawahiwa. Kampuni nyingi zinafungua ratiba karibu miezi 11 kabla, kwa hiyo safari ya Oktoba inaanza kutafutwa Novemba au Desemba ya mwaka wa nyuma. Wengi wetu tunakata tiketi wiki moja kabla, najua, biashara zetu ziko hivyo, ila pointi hazitaki tabia hiyo.

Ukiona "hakuna siti" usikate tamaa haraka. Jaribu Dar, kisha jaribu Zanzibar na Kilimanjaro, maana Ethiopian na Qatar wanatua zote tatu. Jaribu kwenda kwa pointi na kurudi kwa hela. Jaribu katikati ya wiki. Flying Blue kila mwezi wanatoa orodha ya safari zilizopunguzwa pointi, sio zote zinatuhusu ila dakika mbili za kuangalia hazikugharimu.

Familia pia. Skywards wana mpango wa familia, watu hadi 8 mnachangia pointi sehemu moja na mkuu wa familia anazitumia. Baba ana 15,000, mama 12,000, mtoto anayesoma nje 20,000, peke yao hakuna anayefika, pamoja mnapata tiketi. Watoto wenye siti yao nao wanapata pointi, waandikishe. Yule wa kupakata hapati.

Kwenye duka lao la zawadi usikanyage. Blenda ya pointi 20,000 ambayo Kariakoo ni laki moja na ishirini, hiyo ni shilingi 6 kwa pointi. Na kununua pointi kwa hela fanya tu kama umebakiza chache kufikia tiketi ambayo siti yake umeshaiona kwa macho.

KUHUSU MIZIGO

Hili nimelitenga kwa sababu kwa watu wa vitenge na vipuri kilo ni muhimu kuliko tiketi ya bure. Ukiacha pointi za kutumia kuna kitu kingine kinachoitwa daraja la uanachama, linalopanda kutokana na unavyoruka ndani ya mwaka. Ukifika dhahabu ya Star Alliance unaongezewa kilo 20 juu ya za tiketi kwenye safari zinazohesabu kwa kilo, au begi moja zaidi zinapohesabu kwa begi, na sio kwa Ethiopian peke yake, ni kwa kampuni zote za muungano. Pigia hesabu bei ya kilo ya ziada pale Guangzhou mara 20, mara safari zako za mwaka, utaona kwa nini mfanyabiashara asitawanye safari zake kwa kampuni nne kisa moja imeshusha elfu hamsini. Ila kumbuka ukifika Dar na hizo kilo zote, ndege ya kuja Kigoma ina vipimo vyake na dhahabu yako hawaitambui. Mzigo mzito weka kwenye lori au treni, wewe panda ndege.

WATU WA MASHIRIKA

Tiketi ikilipiwa na ofisi, kwa kawaida pointi zinaingia kwa anayeruka, lakini ofisi nyingine zina sera zao. Isome kabla, usije ukaanza kuulizwa maswali kwa ajili ya pointi. Na kama wanawalaza kwenye hoteli za Marriott, zile pointi za Bonvoy zinaweza kuhamishiwa kampuni nyingi za ndege, kwa kawaida 3 za hoteli kwa 1 ya ndege. Kiwango sio kizuri ila kinafaa kujazia pengo au kuzuia akaunti isife.

WEZI

Kuna matangazo kwenye magrupu ya WhatsApp, "tiketi Dubai nusu bei, unalipa nusu sasa hivi". Baadhi zinakatwa kwa pointi za akaunti zilizoibiwa. Tiketi inatoka kweli, ukiangalia kwenye tovuti ipo, halafu mwenye pointi analalamika na inafutwa ukiwa umeshafika Dar na mabegi. Kuuza na kununua pointi mtu kwa mtu nako kunakatazwa na masharti ya karibu mipango yote, akaunti inafungwa na kila kilichomo. Kumkatia mama yako kwa pointi zako ni sawa, ila soma kwanza, mipango mingine inataka uwaorodheshe watu hao mapema.

UKISHAPATA TIKETI

Tiketi ya pointi ni tiketi kamili, ila kabla hujabonyeza kulipa soma ada ya kufuta na ya kubadilisha tarehe, zinatofautiana sana. Ukishalipa, chukua ule msimbo wa herufi sita uingize kwenye tovuti ya kampuni inayorusha ndege yenyewe, sio ile uliyokatia tu, uone kama jina lipo na hali inasomeka imethibitishwa. Kwa tiketi za mshirika hii ni lazima, wakati mwingine bukingi ipo lakini namba ile ya tarakimu 13 haijatoka, na bila hiyo namba huna tiketi.

Halafu kipande cha Kigoma–Dar. Hiyo ni tiketi nyingine kabisa, kampuni nyingine, na ya asubuhi ikisogezwa ukaikosa ile ya Addis au Dubai hakuna wa kukufidia, na pointi zako zinaweza kupotea kama mtu asiyetokea. Toka siku moja kabla, hata kama utalipia gesti Dar. Au ukiwa na muda, shuka kwa treni au basi hadi Dodoma ukamate SGR, ratiba yake kwa sasa inatabirika na Dar unafika umeshalala vizuri. Kama hali ya hewa ya ziwani imechafuka na ndege haiji, piga simu kwa kampuni ya tiketi ya pointi kabla ya muda wa kuondoka, usisubiri baada, waambie wakusogezee tarehe. Kabla ya kuondoka bado una cha kuongea nao.